Hapana ya Kwanza

Mwalimu wa uraia wa shule yetu wanafunzi walimwita Ibara, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Hakuna jambo ambalo hakuwa na ibara yake. Mwanafunzi akichelewa, ibara. Mwanafunzi akila pipi darasani, ibara. Hata siku kunguru alipoingia ofisini akaondoka na mkate wa mwalimu wa jiografia, Ibara alisema haki ya kumiliki mali imevunjwa, akataja na kifungu kidogo. Mimi nafundisha hesabu na meza yangu inagusana na yake. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe, maana hawezi kunywa chai ya saa nne bila kutoa taarifa kamili ya nyumbani kwake.

Darasani alifundisha kwa imla. Aliingia, akakohoa, akasema, "Kuvumiliana. Andika. Kuvumiliana ni hali ya…" na kalamu arobaini na mbili zikaanza kukimbia. Kidato cha pili B lilikuwa darasa la watoto wa jamii tisa. Wote arobaini na wawili walijua kuvumiliana ni hali ya nini, na wote walipata alama nzuri, kisha walitoka kwenda kugombana kwenye bomba la maji kwa sababu mmoja kamsalimia mwenzake kwa mkono mmoja na mwenzake alitaka miwili.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Ilisema kuanzia muhula huu somo la uraia lifundishwe kwa kutumia mila za jamii zinazoizunguka shule, ili wanafunzi wazitambue tofauti zao na kuziheshimu. Mwanajamii mwenye umri aalikwe darasani. Mkaguzi angepita Alhamisi ya wiki iliyofuata kuona utekelezaji.

Mkuu wetu wa shule ni mama mwepesi wa kuamua. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni kwetu. "Ngoma," alisema. "Tafuta ngoma, tafuta watoto sita wavae majani, mkaguzi apige picha, tuendelee na kazi."

"Ngoma ya kina nani, mama?" Ibara aliuliza. "Lile darasa lina jamii tisa. Nikipiga ya mmoja, wanane watanijia na wazazi wao."

"Piga zote."

"Kipindi ni dakika arobaini."

Mkuu akanigeukia mimi, kama watu wote wanavyofanya wakishindwa kugawanya.

"Dakika nne na kidogo kila jamii," nikasema. "Bila ya kubadilisha majani."

Mkuu alituangalia sote wawili, akasema fanyeni mnavyojua ila shule isiaibike, akaenda zake.

Ibara aliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike mila moja ya kwao. Siku ya pili alirudi na rundo la madaftari, akaanza kusahihisha huku anaguna. Mmoja ameandika, "Mila ya kwetu ni baba kutosemeshwa wakati wa taarifa ya habari." Mwingine, "Kwetu hatuna mila, tuna televisheni." Wa tatu, "Mila yetu ni kuheshimu wakubwa lakini kaka yangu haifuati."

Kisha akaacha kuguna. Alikuwa na madaftari mawili mkononi. Moja lilikuwa la msichana ambaye wenzake walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Ameandika, "Kwetu mgeni akikataa chai unampa. Kukataa ni heshima yake." La pili lilikuwa la kiranja wa darasa, anayekaa naye dawati moja, na ni wazi alichungulia kabla ya kuandika: "Kwetu mgeni akikataa chai, amekataa. Ukimpa tena ni kumwambia hajui anachosema." Na chini yake, kwa mwandiko wa Redio, ndani ya daftari lisilo lake: "Ndiyo maana kwenu hatuji."

Ibara alinisomea mara tatu. "Hii ndiyo," alisema. "Hii haihitaji majani."

Somo likapatikana: namna ya kumkaribisha mgeni. Kilichobaki ni wanajamii wenye umri, wawili, wa jamii mbili tofauti. Alimfuata mzee mmoja fundi saa, ambaye alikubali kwa sharti kwamba akimaliza kukaribisha apewe nusu saa aiseme serikali. Alimfuata bibi yake kiranja, akakuta mguu umevimba. Jumatano asubuhi hakuwa na mtu hata mmoja. Jioni, mkewe, ambaye anauza dawa kwenye famasi ya karibu na kituo cha basi, alimwambia huku anapiga pasi, "Mbona una mama wawili."

Aliniambia kwamba kijiko kilimdondoka.

Inabidi niwaeleze kuhusu hao mama wawili. Mama yake mzazi alikuwa mkunga, amestaafu, na amezoea kuongea na watu wenye uchungu: neno moja, halafu kitendo. Mama mkwe wake ni fundi cherehani, mwanamke wa taratibu, anayepima mara mbili kabla ya kukata, na hata salamu yake ina pindo na bitana. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa ile walikuwa wamekaa chumba kimoja mara nne, na mara zote palikuwa na watu wengi wa kuwaweka katikati. Hawakugombana hata siku moja. Wakikutana waliitana "mama", kwa adabu iliyonyooka kama rula, kisha kila mmoja akatafuta kiti upande wake. Ukimuuliza Mkunga kuna nini, anasema hakuna kitu. Ukimuuliza Fundi, anasema hakuna kitu, halafu anakuuliza kwa nini unauliza.

Ibara aliwapigia simu wote wawili usiku uleule, kila mmoja peke yake, na hakumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja.

"Na wewe ndiye unafundisha uwazi," mkewe alimwambia.

Alhamisi ikafika. Tulisukuma madawati ukutani, tukaleta viti viwili vya mgeni kutoka ofisi ya mkuu, meza ndogo, chupa ya chai, vikombe na kitambaa cha kufunika. Mimi niliombwa nishike saa. Mkaguzi alikuja mapema, mwanaume mnene mpole mwenye fomu ya kurasa nne, akaketi nyuma kabisa karibu na kabati la chaki. Nilichungulia fomu yake. Palikuwa na mstari ulioandikwa "Mila iliyoonyeshwa" na chini yake "Zana", na kalamu yake tayari ilikuwa imeshuka hapo inasubiri.

Mkunga aliingia kwanza, mkoba kwapani. Wanafunzi wakasimama wakamwamkia. Akawaitikia, akamnyooshea kola kiranja bila kuulizwa, akakaa pale alipoonyeshwa. Yeye angekuwa mwenyeji. Dakika tano baadaye mlango ukagongwa, taratibu, mara mbili, na hakuna aliyeingia. Redio akaenda kufungua. Fundi alikuwa amesimama nje hatua tatu nyuma ya mlango, gauni limenyooka, mikono imekunjwa tumboni, anangoja kukaribishwa.

Wakaonana. Nilimwona Ibara anafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Mama," alisema Mkunga.

"Mama," alisema Fundi.

"Wanafunzi," Ibara alisema kwa sauti iliyopanda juu ghafla, "leo wazazi wetu watatuonyesha namna jamii zetu zinavyomkaribisha mgeni. Mama huyu yuko kwake. Mama huyu amekuja kutembea. Sisi tunatazama tu. Mama, karibuni muanze."

Mkunga alisimama. "Karibu ndani."

"Starehe," alisema Fundi, na hakusogea.

Mkunga alingoja kidogo. Kisha akasema, "Haya," akarudi kukaa.

Fundi yuko mlangoni, Mkunga yuko kitini. Nikaangalia saa, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Ibara akamnong'oneza mama mkwe wake aingie, tafadhali, kwa ajili ya somo. Fundi akaingia hatua mbili.

"Kaa," alisema Mkunga, akionyesha kiti.

"Nashukuru sana, hapa pananitosha."

"Sawa." Mkunga akafungua chupa ya chai. "Utakunywa chai?"

"Usijisumbue, mama. Nimeshiba."

Mkunga akafunga chupa. Akakirudisha kitambaa juu yake, akakilainisha kwa kiganja, akakunja mikono. Kwa upande wake somo lilikuwa limekwisha na limekwenda vizuri.

Nusu ya darasa walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Nusu nyingine walikuwa wamefunika midomo kama walioona mtu anasukumwa kwenye ngazi.

Redio alinyoosha mkono na kuongea kwa wakati mmoja. "Mwalimu, bibi hajakaribishwa."

"Amekaribishwa," alisema kiranja. "Mimi nimesikia. Karibu, kaa, chai. Vitu vitatu."

"Mara moja moja!"

"Wewe unakaribishwa mara ngapi? Wewe kiziwi?"

Hapo zikapanda kelele za huku na huku. Mmoja akasema kwao mgeni haketi mpaka avutwe mkono. Mwingine akasema kwao ukivutwa mkono unaita watu. Mmoja akasema kwao chai inamiminwa kabla mgeni hajafika uani, na mwingine akauliza kama hajafika mnajuaje anataka na sukari. Ibara alikuwa anapunga kifutio cha ubao kama mtu anayefukuza nyuki. Mkaguzi alikuwa ameandika neno kwenye "Mila iliyoonyeshwa", akalikata, akaandika jingine, akalikata.

Redio hakuwangoja. Alitoka kwenye dawati lake akaenda moja kwa moja kwa Mkunga, akapiga goti kwa heshima, akasema, "Bibi, samahani. Kwetu sisi na huyu bibi, hapana ya kwanza ni salamu. Ya pili ni adabu. Ya tatu ndiyo hapana yenyewe. Wewe umeondoka kwenye salamu."

Mkunga alimwangalia yule mtoto. Kisha akamwangalia Fundi, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Huyu mtoto anasema kweli?"

"Anasema kweli," alisema Fundi.

"Kwa hiyo ile siku mlipokuja nyumbani kuleta majibu ya posa…"

"Tuyaache hayo, mama. Kuna watoto."

"Hapana, ngoja. Nilipika siku mbili. Nikakuuliza utakula, ukaniambia umeshiba."

"Nilisema nimeshiba," alisema Fundi kwa upole. "Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Tumeshuka basi, tumetembea juani, kiatu kimenikata kisigino. Nikasema nimeshiba, nikakaa nangoja uniulize tena. Nikaona sahani zinarudi kabatini. Moja moja. Ile ya mwisho ilikuwa na nyama, ilipita hapa." Akaonyesha usawa wa pua yake.

Kuna mwanafunzi alicheka, akazibwa mdomo na jirani yake.

"Nilikaa saa tatu," aliendelea Fundi. "Nikasema moyoni, huyu mama hamtaki mwanangu, na ameamua kunieleza kwa njia ya kabati."

"Mimi nilisema huyu mama ana kinyaa na chakula changu," alisema Mkunga. "Ameangalia sufuria zangu, ameona sisi si watu wa kula kwetu. Nililia usiku ule. Muulize marehemu mume wangu." Akagundua alichosema. "Basi, angekuwepo ungemuuliza."

Akavuta pumzi, na nikajua bado.

"Na nilipokuja kwako mimi," alisema, "nikala, nikashiba, nikasema nimeshiba. Ukanipakulia. Nikasema nimeshiba. Ukanipakulia. Kwetu mtu mzima akikwambia kula mara tatu, hiyo ni amri. Nilikula sahani nne. Mimi niliyezalisha watu miaka thelathini na moja nilirudi nyumbani nimelala kiti cha nyuma cha gari, nashika tumbo, nasema huyu mwanamke ananilipizia na sijui nimemkosea nini."

"Sahani nne," Fundi alisema. "Nilijivunia sahani nne. Nimewasimulia watu."

Hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Mkunga alimtazama kwa sura ya kazi, kama anayesubiri kuona itakuwa nini, kisha na yeye ikamshinda. Ibara alikuwa ameegemea ubao na chaki imemchora mgongo wote. Miaka kumi na miwili alikuwa ameishi katikati ya mambo hayo akidhani ni siasa nzito.

"Turudie," alisema Mkunga, na akasimama. Aliushika mwongozo mpya kama alivyoshika kila kitu maishani, kwa nguvu. "Kaa."

"Nashukuru, hapa pananitosha."

"Kaa."

"Usijisumbue, mama."

"Nimesema kaa."

Fundi akakaa, kwa raha ambayo ilionekana mpaka dawati la mwisho. Darasa likapiga makofi. Lakini Fundi naye ni mtu wa heshima, na alikuwa ameamua kumheshimu mwenyeji kwa desturi ya mwenyeji. Kwa hiyo Mkunga alipouliza, "Utakunywa chai?" yeye alijibu mara moja, "Ndiyo."

Mkunga akaduwaa, chupa mkononi. "Unakataa kwanza."

"Nimekubali. Kwenu si mtu anasema anachotaka?"

"Lakini mimi nafuata ya kwenu. Nina mara mbili zangu zimebaki. Utakunywa chai?"

"Nimesema ndiyo."

"Utakunywa chai?"

"Mkwe wangu," alisema Fundi, na hilo neno hatukuwahi kulisikia kutoka kwake, "mimina, koo limekauka."

Kelele zilizopigwa humo ndani zilimleta mkuu wa shule dirishani. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba hakuna aliyeumia.

Mkunga alimimina kikombe cha pili, akakichukua mpaka nyuma ya darasa alikokaa mkaguzi. "Na wewe mwanangu. Chai."

"Hapana, asante, niko kazini," alisema mkaguzi.

Mkunga akasimama katikati, kikombe kinafuka moshi. Akamwangalia Fundi. Fundi akamwangalia mkaguzi kuanzia viatu mpaka kichwa, akatafuta dalili, hakuiona.

"Mpe," alisema Redio. "Hiyo ni salamu."

"Amekataa," alisema kiranja. "Na ametaja sababu."

Wakaanza tena. Wengine walisema mpe nusu. Mmoja alisema awekewe karibu kisha wote wageuke. Kulikuwa na mvulana dirishani ambaye tangu muhula uanze hajafungua mdomo, wenzake wanamwita Kimya, na mimi mwenyewe sauti yake nilikuwa siijui. Akasema, "Si tumuulize."

Watu wakageuka.

"Tumuulize hapana yake ni ipi," alisema Kimya, akatazama chini.

Mkaguzi aliweka fomu gotini. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa, kama aliyeulizwa swali la mtihani alilosahau kulisoma. "Sijui," alisema mwishoni. "Mama alikuwa mtu wa huku, baba wa kule. Nyumbani nadhani tulikuwa tunakunywa tu." Akafunika kalamu yake. "Hiyo ilikuwa hapana ya kazini. Ofisi inataka tuiseme. Lakini mwenyewe naitaka."

Akapewa. Akanywa vikombe viwili.

Zilibaki dakika tatu. Ibara alijikung'uta chaki, akakohoa, akasimama mbele kama kawaida yake. "Tuhitimishe. Andika. Kuvumiliana ni…" Kalamu zikangoja. Akawaangalia mama zake wawili, ambao walikuwa wameshasogeza viti na kuinamiana, Mkunga akikagua kisigino cha Fundi kilichokatwa na kiatu miaka kumi na miwili iliyopita. "Ni…" alisema tena. Kengele ikalia. Nilipitia madaftari baadaye kwa udadisi wangu tu. Yote arobaini na mawili yaliishia hapo, isipokuwa la Redio, ambaye aliendelea mwenyewe kurasa mbili na nusu.

Ripoti ya mkaguzi ilikuja baada ya wiki mbili. Kwenye "Mila iliyoonyeshwa" ameandika: "Kukaa." Kwenye "Zana": "Chupa ya chai, moja." Na kwenye maoni ya jumla amependekeza shule nyingine zije kuona, jambo ambalo mkuu wetu alilisoma mbele ya walimu wote kwa sauti ya mtu aliyelibuni mwenyewe.

Mambo yalibadilika kidogo pale kwenye bomba. Bado wanagombana, ila sasa ugomvi una hatua moja zaidi: kabla ya kukunja ngumi, mmoja lazima amuulize mwenzake, "Kwenu hiyo maana yake nini?" Na mara nyingi maelezo yanakuwa marefu mpaka kengele inalia.

Aliyeumia ni Ibara peke yake. Mama hao wawili sasa wanapigiana simu kila jioni, na watu wakiongea kila jioni, mambo yanaonekana. Ilidhihirika kwamba kwa miaka mingi, Jumapili aliyotakiwa kwenda kumtembelea mama yake, alimwambia yuko kwa mama mkwe. Na Jumapili aliyotakiwa kwa mama mkwe, alisema yuko kwa mama yake. Kumbe muda wote huo yuko nyumbani kwenye kochi, miguu juu, anaangalia mpira. Hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake, kwa hiyo uongo ule ulikaa salama kama hati kwenye kasha.

Waliita kikao nyumbani kwa Fundi, Mkunga akiwa mwenyekiti. Mkewe alikaa upande wao. Ibara aliniambia alijaribu kutaja haki ya faragha, na namba ya ibara akaitaja, na mama yake akamwambia akae.

"Nikakaa," aliniambia saa nne, akikoroga chai yake. "Hakurudia."

Sasa Jumapili moja yuko huku na Jumapili inayofuata yuko kule, na kila anakokwenda anakuta wote wawili.